Ukubwa wa gurudumu na tairi la baiskeli

Ukubwa wa gurudumu na tairi la baiskeli ni vipimo vinavyoonyesha kama tairi fulani litaingia kwenye rimu fulani, na kama gurudumu zima litafaa fremu, mzigo na barabara. Vipimo vikuu ni viwili: kipenyo cha rimu mahali ukingo wa tairi unapokaa, na upana wa tairi likiwa limejazwa upepo.

Baiskeli za milimani, ambazo mitaani huitwa mara nyingi baiskeli za gia, hutumia hasa saizi tatu: inchi 26, inchi 27.5 na inchi 29. Katika Afrika Mashariki saizi hizo hukutana barabarani na inchi 28 ya baiskeli za mizigo, na pia na saizi za baiskeli za mitumba kutoka Japani na Ulaya. Majina ya saizi hizo hufanana, lakini vipimo vyake havifanani.

Kwa mtu anayetegemea baiskeli kupeleka maji, mkaa, maziwa au dagaa, uchaguzi wa gurudumu si jambo la mapambo. Gurudumu lisilomudu mzigo huvunjika spoku mara kwa mara, na gurudumu ambalo tairi lake halipatikani dukani huilaza baiskeli nzima hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

## Sehemu za gurudumu

Gurudumu la baiskeli lina sehemu zifuatazo:

- Habu ni sehemu ya katikati inayozunguka juu ya ekseli kwa msaada wa gololi. Habu ya nyuma hubeba pia friwili au gia.
- Spoku ni nyaya za chuma zinazounganisha habu na rimu. Kila spoku hukazwa kwa nati ndogo iliyo kwenye rimu.
- Rimu, ambayo mafundi wengi huiita ringi, ni duara la chuma au alumini linaloshika tairi.
- Utepe wa rimu hufunika vichwa vya nati za spoku ili visitoboe tyubu.
- Tyubu ni mpira wa ndani unaoshika upepo kupitia valvu.
- Tairi ni mpira wa nje. Ndani ya mpira huo mna kitambaa cha nyuzi, na kwenye kingo zake mbili mna waya unaolizuia tairi kutanuka na kutoka kwenye rimu.

Waya wa ukingo ndio unaoamua kipenyo cha tairi. Kwa kuwa hautanuki, tairi lenye waya mfupi kuliko rimu haliingii, na tairi lenye waya mrefu kuliko rimu huingia kwa urahisi lakini hulegea na linaweza kuchomoka likijazwa upepo.

## Kusoma namba za tairi

Tairi nyingi huandikwa saizi yake ubavuni kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya inchi, kama 26 × 2.10. Ya pili ni ya milimita, kama 54-559. Namna hii ya pili ilianzishwa na shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, ETRTO, na imo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5775.

Katika namba 54-559, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita na namba ya pili ni kipenyo cha rimu mahali ukingo wa tairi unapokaa. Namba ya pili ndiyo muhimu zaidi wakati wa kununua. Tairi na rimu zenye namba hiyo moja huingiana. Zikitofautiana hata kwa milimita chache haziingiani.

Jedwali lifuatalo linaonyesha saizi zinazopatikana mara nyingi:

| Jina la kawaida kwa inchi | Kipenyo cha rimu (mm) | Baiskeli inayotumia |
|---|---|---|
| 20 × 1.75 hadi 2.125 | 406 | za watoto na BMX |
| 24 × 1.75 hadi 2.125 | 507 | za vijana |
| 26 × 1.75 hadi 2.35 | 559 | za milimani |
| 26 × 1½, 650B, 27.5 | 584 | za Kifaransa za zamani. Za milimani za sasa |
| 26 × 1⅜. 650A | 590 | za mjini kutoka Japani na Uingereza |
| 700C, 28 × 1⅝ × 1⅜, 29 | 622 | za mashindano na za mjini, za milimani |
| 28 × 1½ | 635 | za mizigo za aina ya Phoenix, Hero na Avon |

### Majina yanayopotosha

Jina la inchi lilitokana na kipenyo cha nje cha tairi, si cha rimu. Zamani tairi nene na tairi nyembamba ziliweza kuwa na kipenyo kimoja cha nje huku rimu zake zikitofautiana. Ndiyo sababu "inchi 26" ni jina la rimu zisizopungua tatu zinazokutana madukani: 559, 584 na 590.

Mambo matatu huwakosesha wanunuzi mara kwa mara.

Kwanza, desimali na sehemu si kitu kimoja. Katika hesabu 1.5 na 1½ ni sawa. Katika matairi, 26 × 1.5 ni ya rimu ya 559 na 26 × 1½ ni ya rimu ya 584. Tofauti yake ni milimita 25.

Pili, "inchi 28" ya baiskeli ya mizigo ni 635, lakini "inchi 28" ya baiskeli ya mitumba kutoka Ujerumani au Uholanzi kwa kawaida ni 622. Tairi la 622 halipandi kwenye rimu ya 635. Tairi la 635 hupanda kwenye rimu ya 622, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hushikwa na kitu kidogo tu na linaweza kuruka nje baiskeli ikiwa na mzigo.

Tatu, "inchi 29" na 700C ni rimu ya kipenyo kimoja, 622. Tofauti iko katika upana wa tairi. Mtu aliyekosa tairi nene la 29 anaweza kusogea kwa muda kwa tairi la 700C, mradi upana wa rimu unaliruhusu.

Tyubu husamehe zaidi kuliko tairi, kwa kuwa hutanuka. Tyubu ya inchi 26 huweza kutumika kwa dharura katika tairi la 27.5, na ya 28 katika tairi la 29.

## Historia

### Tairi la upepo

Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uskoti aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka 1888 akapata hataza. Miaka michache kabla yake, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ametoa baiskeli ya Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1891 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilitoa tairi linaloweza kuvuliwa na kuzibwa njiani.

Mambo hayo matatu, yaani magurudumu ya ukubwa wa kadiri, tairi la upepo na tairi linalovulika, ndiyo msingi wa baiskeli ya leo.

### Inchi 28 katika Afrika Mashariki

Baiskeli nzito nyeusi ya inchi 28, yenye breki za fito na keria imara, ilienea katika makoloni ya Waingereza kupitia viwanda kama Raleigh ya Nottingham. Baadaye soko lake lilichukuliwa na Phoenix ya Shanghai, China, pamoja na Hero na Avon za Ludhiana, India. Tanzania nayo ilikuwa na baiskeli yake, Swala, iliyotengenezwa na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO.

Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli za aina hiyo zilibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa jina *bodaboda*, ambalo sasa limehamia kwenye pikipiki. Shinyanga na sehemu nyingine za Usukumani baiskeli za abiria zilijulikana kwa jina la daladala. Katika Kongo ya Mashariki, hasa Goma, mizigo hubebwa pia kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu madogo ya mbao yanayovishwa mpira wa tairi kuukuu.

### Baiskeli ya milimani

Baiskeli ya milimani ilianza katika wilaya ya Marin, California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene na kuteremka nazo kwenye njia za vumbi. Matairi hayo yalikuwa ya aina iliyoletwa na kampuni ya Schwinn mwaka 1933, ya 26 × 2.125. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo, mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha kampuni, na mwaka 1981 Specialized ikatoa Stumpjumper kwa wingi.

Kwa hiyo inchi 26 haikuchaguliwa kwa utafiti. Ilitumika kwa sababu ndiyo rimu yenye tairi nene iliyokuwapo. Ilitawala kwa miaka zaidi ya ishirini, na ndiyo iliyotumika mchezo huu ulipoingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta.

Mwaka 1999 kampuni ya Wilderness Trail Bikes ilitoa tairi nene la rimu ya 622, na saizi ya inchi 29 ikaanza kushika nafasi. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alipata dhahabu kwa magurudumu ya inchi 29, na Nino Schurter wa Uswisi akapata fedha kwa magurudumu ya 27.5. Tangu hapo watengenezaji wa baiskeli za bei ya juu wamekaribia kuiacha inchi 26, lakini baiskeli zilizokwisha kuuzwa kwa saizi hiyo ni nyingi mno na matairi yake yanaendelea kutengenezwa.

## Kinachofanya gurudumu lidumu

### Kipenyo

Gurudumu kubwa hupita juu ya mashimo na mawe kwa ulaini zaidi, kwa sababu pembe yake ya kugonga kikwazo ni ndogo. Gurudumu dogo lina spoku fupi, na kwa habu na rimu za aina moja huwa gumu zaidi kupinda upande. Kwa hiyo, vitu vingine vikiwa sawa, inchi 26 huvumilia mzigo wa pembeni kuliko inchi 29.

Kipenyo hubadilisha pia uzito wa kukanyaga pedali. Kwa tairi la upana wa milimita 54:

- rimu ya 559: kipenyo cha nje ni 559 + 54 + 54 = milimita 667, na mzunguko mmoja ni karibu mita 2.10;
- rimu ya 584: milimita 692, mzunguko karibu mita 2.17;
- rimu ya 622: milimita 730, mzunguko karibu mita 2.29.

Gurudumu la 29 husogea karibu asilimia 9 zaidi ya la 26 katika kila mzunguko. Kwenye tambarare hiyo ni faida. Kwenye mlima, gia ikiwa ileile, mwendeshaji atahisi uzito zaidi kwa kiasi hichohicho.

Hesabu hiyo huonyesha pia kwamba 27.5 haiko katikati kama jina lake linavyodai. Kutoka 559 hadi 584 ni milimita 25, na kutoka 584 hadi 622 ni milimita 38. Iko karibu zaidi na 26.

### Spoku

Watu wengi hudhani mzigo huning'inia kwenye spoku za juu. Katika kitabu chake *The Bicycle Wheel* cha mwaka 1981, mhandisi Jobst Brandt alieleza kwamba badiliko kubwa hutokea chini. Spoku zote zimekazwa tangu mwanzo. Gurudumu likibeba mzigo, spoku chache zilizo karibu na ardhi hupungua mkazo, kisha hurudi kama zilivyokuwa zikiondoka chini.

Maana yake ni kwamba kila spoku hulegea na kukazwa mara moja kwa kila mzunguko. Gurudumu la 26 lililotajwa juu huzunguka karibu mara 477 kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 20 kwa siku, kila spoku hupitia badiliko hilo mara 9,500 hivi. Chuma kinachokunjwa na kunyooshwa mara nyingi namna hiyo huchoka. Spoku huvunjika kwa kawaida kwenye kona yake pale habuni, na huvunjika mapema zaidi ikiwa imelegea, kwa sababu hucheza zaidi.

Mambo yanayosaidia ni haya:

- Idadi. Baiskeli ya mizigo ya inchi 28 kwa desturi ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli nyingi za milimani zina 32 au 36 kila upande. Kwa mzigo, 36 nyuma ni bora kuliko 32.
- Unene. Spoku ya geji 14 ina milimita 2.0, ya geji 13 ina milimita 2.3, na ya geji 12 ina milimita 2.6. Namba ya geji ikipungua unene huongezeka. Spoku ya 2.3 ina chuma zaidi kwa karibu theluthi moja kuliko ya 2.0.
- Mkazo ulio sawa. Spoku 36 nyembamba zilizokazwa kwa usawa hudumu kuliko 40 nene zilizokazwa ovyo. Fundi mzuri huzijaribu kwa kuzigonga na kusikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti inayofanana.

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia lina udhaifu wake. Gia nyingi hukaa upande wa kulia, kwa hiyo rimu husogezwa ili ibaki katikati ya fremu. Spoku za kulia husimama wima zaidi na kubeba mkazo mkubwa kuliko za kushoto. Baiskeli ya friwili ya gia moja haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya gurudumu lake kuhimili magunia.

### Rimu

Rimu ya chuma hupinda bila kupasuka na fundi huweza kuinyoosha, lakini hushika kutu, na breki za mpira huteleza juu yake ikilowa. Rimu ya alumini ni nyepesi na hushika breki vizuri wakati wa mvua. Kati ya rimu za alumini, zenye kuta mbili, ambazo zikikatwa huonyesha uwazi kama wa bomba, ni imara zaidi kuliko zenye ukuta mmoja.

Breki za rimu hula ukuta wa rimu taratibu. Ukuta uliobonyea kama kijiko ukipitishwa kidole ni dalili ya rimu iliyokwisha. Huweza kupasuka tairi likijazwa upepo. Breki za diski haziigusi rimu, kwa hiyo rimu hudumu, ila habu na spoku hubeba nguvu zaidi wakati wa kufunga.

### Upana wa tairi na upepo

Eneo la tairi linalogusa ardhi hukadiriwa kwa kugawanya uzito kwa kani ya upepo. Tuseme mwendeshaji ana kilo 65, baiskeli kilo 18, na keria ina madumu matatu ya maji ya lita 20, yaani kilo 60. Gurudumu la nyuma litabeba asilimia 60 hivi ya mwendeshaji (kilo 39), nusu ya baiskeli (kilo 9) na karibu mzigo wote (kilo 60). Jumla ni kilo 108, au nyutoni 1,060 hivi. Upepo ukiwa baa 3, sawa na psi 44, eneo la kugusa ardhi litakuwa karibu sentimita za mraba 35.

Tairi jembamba haliwezi kutoa eneo hilo bila kubonyea sana, ndiyo maana huhitaji upepo mwingi. Tairi pana hubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo, halizami haraka mchangani, na huilinda rimu. Lakini kuta za tairi pana huvutwa zaidi kwa upepo uleule, kwa hiyo kikomo chake ni cha chini. Mengi ya matairi ya milimani yenye upana wa 2.10 huandikwa ubavuni kati ya psi 40 na 65. Kikomo kilichoandikwa hakipaswi kupitwa.

Upepo ukipungua sana, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe. Pancha ya namna hiyo hutambulika kwa matundu mawili yanayokaribiana. Ikijirudia, dawa yake ni kuongeza upepo au kununua tairi pana. Kuongeza viraka pekee hakuondoi chanzo.

## Mazingira ya Mwanza na kando ya Ziwa Victoria

Nyakato ni kata ya Manispaa ya Ilemela katika jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu iendayo Musoma. Mahali hapo huonyesha vizuri kwa nini hakuna saizi moja inayofaa kila kazi. Barabara kuu ni ya lami. Njia zinazoiacha na kupanda kwenye makazi ya vilimani ni za mawe ya granaiti, makorongo ya maji ya mvua na mchanga wa chengachenga unaotokana na kumeguka kwa mawe hayo. Ukiendelea mashariki kuelekea Kisesa na Magu unakuta udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na mabondeni udongo mweusi wa mbuga.

Kila ardhi ina shida yake:

- Mawe hugonga rimu na kukata kuta za tairi. Tairi la 2.10 au zaidi hustahimili kuliko la 1.75.
- Mchanga huzamisha tairi jembamba, hasa la mbele, na baiskeli hupoteza mwelekeo.
- Udongo wa mbuga wakati wa mvua hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linasimama. Tairi pana kupita kiasi katika fremu finyu huongeza taabu hiyo.
- Miiba ya migunga na mbigili hutoboa tairi la saizi yoyote. Kinga ni tairi zito lenye mpira mnene katikati, tyubu nene, au kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kingo zake na kutandikwa ndani.

Kisumu, upande wa Kenya wa ziwa hilohilo, huunganishwa baiskeli za Buffalo za World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005. Baiskeli hizo zilibuniwa kwa ajili ya mizigo na barabara za vijijini, na zina magurudumu ya inchi 26 yenye matairi mapana na spoku nene. Wabunifu wake hawakufuata saizi mpya za mashindano.

## Kuchagua saizi

Swali la kwanza ni la vipuri: je, tairi, tyubu, rimu na spoku za saizi hiyo zinapatikana katika maduka yaliyo karibu, na kwa fundi aliye njiani? Baiskeli bora yenye tairi linaloagizwa kutoka mbali hulala ndani wiki nzima kwa pancha moja kubwa.

Inchi 26 (559) inafaa anayetaka baiskeli ya milimani ya kudumu kwa kazi mchanganyiko: shule, soko, mzigo wa kadiri na njia za mawe. Gurudumu ni gumu, na vipuri vya saizi hii vimeenea kuliko vya saizi nyingine za milimani.

Inchi 27.5 (584) humfaa anayenunua baiskeli mpya na ana uhakika wa duka lenye matairi yake. Tofauti yake na 26 ni ndogo, kwa hiyo kwa mzigo wa kawaida faida haiwi kubwa kuliko usumbufu wa vipuri.

Inchi 29 (622) humfaa mtu mrefu, safari ndefu na michezo. Ina nafuu moja: rimu na tairi za 700C ni za kipenyo hichohicho. Kwa mzigo mzito wa nyuma inahitaji spoku 36 na rimu ya kuta mbili.

Inchi 28 (635) si ya milimani, lakini haipaswi kusahauliwa. Kwa magunia na madumu kwenye njia isiyo na miinuko mikali, spoku zake 40 za nyuma na keria yake ni vigumu kushindwa. Udhaifu wake ni breki za fito, ambazo hazitoshi kuteremka kilima cha mawe na mzigo wakati wa mvua.

Kuhusu upana, rimu nayo ina mipaka. Kwa makadirio, upana wa tairi uwe kati ya mara 1.5 na 2.5 ya upana wa ndani wa rimu. Rimu ya milimita 19 ndani hupokea vizuri matairi ya milimita 29 hadi 47. 54 huvuka mpaka huo kidogo na huhitaji upepo wa kutosha ili lisiyumbe.

## Kubadilisha saizi kwenye fremu iliyopo

Fremu hutengenezwa kwa saizi fulani. Kuhama kutoka 559 hadi 584 huinua rimu kwa milimita 12.5 kila upande, na mpira wa breki ya rimu haufiki tena mahali pake. Unaweza kugusa tairi na kulikata. Penye breki za diski tatizo hilo halipo, lakini lazima ibaki nafasi ya angalau milimita 6 kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na foku.

Upana wa habu nao hupimwa. Baiskeli nyingi za milimani za kawaida zina milimita 100 mbele na 135 nyuma. Baiskeli mpya za bei ya juu zina habu pana zaidi zenye ekseli nene, na magurudumu yake hayabadilishani na ya kawaida.

Tundu la valvu linafaa kuangaliwa pia. Valvu nene kama ya gari huhitaji tundu la milimita 8 hivi. Valvu nyembamba ya Presta hutosha kwenye tundu la milimita 6 hivi. Ikiwekwa kwenye tundu kubwa bila kifuniko cha mpira, shina lake hucheza na tyubu huchanika hapo.

## Matunzo

Gurudumu jipya hulegea kidogo katika majuma ya kwanza, kwa hiyo spoku zikaguliwe mapema. Spoku moja ikivunjika ibadilishwe kabla ya safari nyingine, kwa sababu jirani zake hubeba mkazo wake na hufuata kuvunjika.

Kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa, tairi lake huisha haraka kuliko la mbele. Tairi lililochakaa lisihamishiwe mbele: la mbele likipasuka mwendeshaji hupoteza usukani. Tairi lenye nyuzi zinazoonekana, uvimbe au mipasuko ya ubavuni halina budi kubadilishwa. Jua huharibu mpira, hivyo baiskeli ilazwe kivulini.

Kabla ya kwenda dukani, namba ya milimita iliyo ubavuni mwa tairi la zamani iandikwe kwenye karatasi. Namba ikiwa imefutika, fundi huweza kuisoma kwenye rimu yenyewe, ambako huandikwa kwa mfano 19-559.

## Tazama pia

- Baiskeli
- Bodaboda
- Gurudumu
- Mkoa wa Mwanza
- Tairi